Kujifungua Nyumbani: Aliyoyapitia Mama wa Watoto Wetu



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Sahaba zake na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka siku ya mwisho. Ama baad.

Ndugu zetu katika Uislamu, wazazi na wanafunzi, leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo akina mama hulizungumza wao kwa wao, na sisi akina baba hulisikia likiwa limeshapita. Nalo ni kujifungua nyumbani.

Tunaliandika kwa sababu maalumu. Mtoto wetu wa nne alizaliwa nyumbani, hapa mtaani kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, mwezi wa Novemba 2015. Habari yake imezunguka miaka mingi, na kila inapozunguka inaongezwa chumvi. Siku hizi inasikika hata katika darasa la wasichana wakubwa pale madrasa. Wanasema mke wa Maalim alijifungua chumbani kwake bila daktari, kwa nguvu ya imani tu, kama wanawake wa zamani. Basi hospitali ya nini?

Mwaka huu binti mmoja tuliyemsomesha, ambaye sasa ameolewa na ana mimba yake ya kwanza, alikuja nyumbani kumuuliza mwenyewe. Akamwambia: "Mama, na mimi nataka kuzaa nyumbani kama wewe. Uliwezaje?" Mama wa watoto wetu akamkalisha mkekani, wakazungumza tangu baada ya Alasiri mpaka ikaribie Magharibi. Binti alipoondoka, mama akatuambia: "Baba watoto, yaandike haya. Hadithi yangu inatembea mtaani bila mimi. Lakini usiipambe, na usinifanye shujaa."

Basi tunaandika kwa idhini yake, na kila tulichokiandika tumemsomea kabla ya kukitoa.

KWA NINI ILIKUWA NYUMBANI

Jambo la kwanza alilotaka lijulikane ni hili: hakuchagua. Watoto wetu watatu wa mwanzo wote walizaliwa katika kituo cha afya. Mwezi wa Mei 2006 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba mama anayejifungua na mtoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bure katika vituo vya umma, na sisi tuliipata neema hiyo tangu mtoto wetu wa kwanza. Mimba ya nne nayo alihudhuria kliniki, kadi yake ilikuwa imejazwa, na begi lilikuwa limeshafungwa: kanga, vitenge, nguo za mtoto, sabuni na wembe mpya.

Lakini wanaoukumbuka mwaka 2015 katika mji huu hawana haja ya kuelezwa mengi. Tangu mwezi wa Aprili mji ulikuwa na machafuko. Usiku milio ya risasi ilisikika kutoka mitaa ya jirani, na watu walikuwa ndani mapema. Madereva wa taksi waliegesha magari jua linapozama. Mtu aliyetoka usiku alitoka akiwa ameshamuaga Mola wake.

Uchungu ulimshika baada ya Isha. Tulimpigia dereva tuliyekuwa tumeagana naye tangu mwezi uliotangulia, akasema: "Maalim, nisamehe, nina watoto na mimi." Wa pili simu yake ilikuwa imezimwa. Wa tatu akaahidi kuja baada ya Alfajiri. Hatuwalaumu. Lakini mimba ya nne haikuwa na subira ya kungoja Alfajiri, na hilo mama alilijua kabla ya sisi sote. Alisema: "Huyu anakuja usiku huu. Nendeni mkamwite bibi."

Bibi huyo ni jirani yetu, mama wa makamo wakati ule, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika wodi ya wazazi kabla ya kustaafu. Nyumba za Buyenzi zimeshikana, ua kwa ua. Akaja kwa kupitia nyua tatu bila kukanyaga barabara, na mkobani alikuwa na glavu, uzi, na tochi ya kuvaa kichwani. Kwa hiyo hata hilo la "bila msaada wa mtu" linalosemwa mtaani si kweli. Allah alitupa mtu mwenye elimu, umbali wa kuta tatu.

ALIYOYASIMULIA MAMA

Mama anasema nyumba ilikuwa na mazuri yake, na hataki yafichwe. Alikuwa katika chumba chake, na mto wake ulikuwa na harufu ya nyumbani kwake. Maji ya moto yalikuwa tele. Hapakuwa na mtu wa kumwambia alale hivi au vile, akatembea, akapiga magoti, akashikilia ukingo wa kitanda. Bibi alimsugua kiuno akimsomea dua kwa sauti ya chini. Wakati maumivu yalipozidi, alikumbuka kisa cha Bibi Maryam (a.s.), namna uchungu ulivyompeleka hadi kwenye shina la mtende, na namna alivyotamani angekuwa amekufa na kusahaulika kabla ya siku ile. "Nikasema moyoni, kama Maryam mteule alisema vile, basi mimi sina dhambi ya kusema nimechoka."

Lakini anasema kuna jambo hakulitarajia. Kule kituo cha afya alikuwa akipiga kelele anavyotaka, maana kila aliyekuwapo alikuwa akipiga kelele. Nyumbani alijizuia. Baba mdogo alikuwa amekaa barazani, mashemeji walikuwa uani, watoto walikuwa chumba cha pili. Tena nje kulikuwa na risasi, na aliogopa sauti yake isije ikawavutia watu wenye silaha. Akang'ata pindo la kanga mpaka likatoboka. "Watu wanasema nilijifungua kimya kwa ushujaa," anasema. "Nilijifungua kimya kwa hofu na haya. Ile kanga bado ninayo, ina tundu."

Mtoto alizaliwa kama saa nane na nusu usiku. Alilia mara moja. Bibi akamfuta, akamweka kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili kwa kitenge, akangoja kitovu kiache kupiga ndipo akakifunga na kukikata kwa ule wembe mpya. Tukaingia tukaadhini katika sikio la kulia la mtoto. Kule uani watu wakasema "Allahu Akbar" kwa sauti za chini, na wengine wakaanza kupeana mikono. Kwa wengi wao, hadithi inaishia hapo. Ndiyo inayosimuliwa mtaani.

Mama anasema kwake yeye ndipo ilipoanza.

DAMU

Kondo la nyuma lilichelewa. Bibi akamwambia akojoe, akamnyonyesha mtoto papo hapo, akamkanda tumbo. Baada ya kama dakika ishirini na tano likatoka, na bibi akalitandaza chini ya tochi akaliangalia pande zote kama limekamilika. Lakini damu haikupungua ipasavyo. Kitenge cha kwanza kililowa, cha pili kikalowa, na cha tatu kikaanza.

Mmoja wa akina mama waliokuwapo, kwa nia njema kabisa, akasema: "Hiyo ni nifasi, kila mzazi hutoka damu." Bibi akamjibu: "Nifasi haijazi kitenge kwa robo saa."

Ndugu msomaji, hapa tunaomba tusimame kidogo, kwa sababu sisi tunafundisha mlango wa nifasi kila mwaka. Tunawaambia wanafunzi kwamba katika madhehebu ya Imam Shafii uchache wa nifasi ni tone moja, kwa kawaida ni siku arubaini, na wingi wake ni siku sitini. Hiyo ni elimu ya twahara na Swala. Inatuambia mama aache lini kuswali na aoge lini. Haituambii damu kiasi gani itamuua. Hilo wanalijua wakunga na madaktari, na wao husema damu ikifika nusu lita baada ya kujifungua kwa kawaida, hiyo ni hatari. Fiqhi hutufundisha kuhesabu siku, na mkunga hutufundisha kuhesabu vitambaa. Mwenye nyumba anahitaji elimu zote mbili.

Mama anasema alianza kusikia baridi, na bado chumba kilikuwa na joto la Novemba. Sauti zikawa zinatoka mbali. Akawasikia wanaume barazani wakishauriana. Mmoja anasema tungoje Alfajiri, imebaki saa mbili tu. Mwingine anasema barabarani kuna vizuizi, tusije tukapoteza wawili badala ya mmoja. Mwingine anasema tusome Yaasin. Kila neno lilikuwa na sababu yake, na hakuna aliyemtakia mabaya. Ndipo akatumia nguvu aliyobakiwa nayo akasema kwa sauti iliyofika nje:

"Msinijadili. Nipelekeni."

Bibi naye akatoka mlangoni, mikono yake ikiwa na damu mpaka kwenye viwiko, akasema: "Mwenye mwili amesema. Gari liko wapi?"

Buyenzi ni mtaa wa mafundi magari, wasomaji wa Bujumbura wanajua. Fundi mmoja, nyumba ya tano kutoka kwetu, alikuwa na pikapu ya mteja gereji. Tulipogonga mlango wake hakuuliza la pili. Tukamlaza mama nyuma juu ya godoro, bibi amepiga magoti pembeni akiendelea kulikanda tumbo, mtoto yuko kifuani mwetu ndani ya kanzu. Fundi aliendesha polepole, taa ya ndani ikiwa imewashwa ili tuonekane, na taa za pembeni zikiwakawaka. Kwenye kizuizi askari alimulika tochi, akaona mama, akaona damu, akaona kichwa cha mtoto kinatokeza kanzuni. Akasogeza kizuizi yeye mwenyewe akasema: "Nendeni, nendeni."

Hospitalini walimpiga sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, wakamtundikia dripu, wakamshona alipochanika, na kabla ya adhuhuri wakamwongeza damu. Muuguzi wa zamu akamwambia bibi: "Mikono yako ndiyo iliyomfikisha hapa." Bibi akajibu: "Na mguu wa yule fundi."

Alhamdulillah, mama yupo, na mtoto yule leo anasoma juzuu ya tano.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mama anasema atakayeisimulia hadithi yake na aisimulie mpaka mwisho, au asiisimulie kabisa.

DINI YETU INASEMAJE

Wako wanaosema kwamba kuzaa nyumbani ndiyo Sunna, kwa sababu wake wa Masahaba walizaa majumbani. Tuliangalie jambo hili kwa uadilifu. Zama zile hapakuwa na wodi za kujifungulia, kwa hiyo hawakuacha wodi wakachagua nyumba. Waliuchukua msaada bora uliokuwepo katika zama zao.

Tazama mifano. Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) alihama kutoka Makka kwenda Madina akiwa mjamzito, akajifungua Quba, na mtoto wake Abdullah bin Zubayr akawa wa kwanza kuzaliwa kwa Muhajirina katika Madina. Mtume (s.a.w.) alimpakata, akatafuna tende akampaka kinywani, akamuombea baraka. Asmaa bint Umays (r.a.), mke wa Abubakar, alijifungua Dhul-Hulayfa katika mwaka wa kumi Hijria, wakiwa njiani kwenda Hija ya kuaga. Akatuma kumuuliza Mtume (s.a.w.) afanye nini. Akaelekezwa aoge, ajifunge kitambaa, kisha aingie katika ihramu. Angalia namna mwanamke aliyejifungua muda mfupi tu alivyouliza mwenyewe, na namna alivyojibiwa kwa yale yanayouhusu mwili wake na ibada yake pamoja. Hakuna aliyemwambia anyamaze kwa kuwa mambo ya wanawake ni aibu.

Na tumtazame Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.). Wanahistoria wanasimulia kwamba usiku mmoja alipita nje ya Madina akaona hema, mtu amekaa mlangoni, na ndani sauti ya mwanamke mwenye uchungu asiye na msaidizi. Umar hakumwambia yule mtu asubiri na asome. Alirudi mbio nyumbani, akamwamsha mkewe Ummu Kulthum bint Ali, akabeba unga na mafuta mgongoni mwake, wakarudi pamoja. Mkewe akaingia kwa mzazi, na Amirul-Muuminina akakaa nje akipuliza moto chini ya chungu mpaka mtoto alipozaliwa.

Hiyo, ndugu zetu akina baba, ndiyo nafasi yetu usiku ule. Ni kwenda mbio na kubeba. Dua inasomwa huku miguu inatembea. Mtume (s.a.w.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee, na alituamrisha tujitibu. Tawakkul haijawahi kuwa jina jingine la kukaa barazani.

Hata katika kisa cha Bibi Maryam (a.s.), Mwenyezi Mungu aliyeweza kumshushia chakula bila sababu yoyote alimwelekeza alitikise shina la mtende. Mwanamke aliye katika uchungu, shina zito, naye anaambiwa alitikise! Na pale pale akaambiwa asihuzunike, ale, anywe, na macho yake yatulie. Maji, chakula na neno la kutuliza moyo ndivyo vitu vya mwanzo alivyopewa mzazi yule.

Liko jambo jingine linalosemwa katika matanga, nalo ni kwamba mwanamke anayekufa kwa uzazi ni shahidi. Ni kweli, imepokewa katika Hadithi, na ni faraja kubwa kwa waliofiwa. Lakini hiyo ni daraja anayopewa aliyekufa. Haikuwa ruhusa kwa walio hai kuzembea. Anayekufa maji naye ametajwa miongoni mwa mashahidi, na hakuna hata mmoja wetu anayemwona mtoto anazama katika Ziwa Tanganyika akamwacha apate daraja.

KWA NINI BAADHI YA AKINA MAMA WANAIKIMBIA HOSPITALI

Mama alitutaka tulieleze na hili, kwani anasema si haki kuwalaumu wanawake peke yao.

Yule binti aliyekuja kumuuliza hakuja kwa ujinga. Dada yake alijifungua mahali ambapo alitukanwa, akaambiwa: "Ulipokuwa unaitafuta mimba ulilia hivi?" Alilazwa bila pazia, watu wanapita. Akaapa harudi. Mwanamke wa Kiislamu aliyelelewa kujistiri, ukimvua heshima yake mara moja, utamsikia akisema bora afe kwake. Kwa hiyo ndugu zetu Waislamu mnaofanya kazi ya uuguzi na ukunga, jueni kwamba pazia na neno jema ni sehemu ya tiba. Neno moja baya linaweza kumuua mama mwingine ambaye hamjamuona hata sura, aliyelisikia kwa dada yake akabaki nyumbani.

Na kwa upande wetu, tusiifanye sitara kuwa kisingizio. Wanazuoni wamekubaliana kwamba dharura huhalalisha kile kilichokatazwa, kwa kiasi cha dharura hiyo. Atafutwe daktari au mkunga wa kike. Akikosekana, mwanamume atamtibu, na sitara itachungwa kadiri inavyowezekana. Mume anayesema "mke wangu hataguswa na mwanamume" huku mkewe anatoka damu anaacha wajibu wa kuokoa nafsi.

Tena, mwenye kutaka mke wake ahudumiwe na mwanamke, na awasomeshe binti zake. Wakunga hawashuki kutoka mbinguni. Tunao wasichana hodari katika madarasa yetu wanaohifadhi kurasa mbili kwa wiki. Mwenye kichwa cha namna hiyo atashindwaje kusoma ukunga?

UCHELEWESHAJI WA AINA TATU

Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kuwa katika mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa duniani kwa sababu ya ujauzito na uzazi, zaidi ya 700 kila siku. Takriban asilimia 70 kati yao walikuwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, yaani kwetu. Sababu inayoongoza ni damu nyingi baada ya kujifungua. Na wataalamu wanasema vifo vingi kati ya hivyo vingeweza kuzuiwa.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Mama wa watoto wetu hakuisoma makala hiyo, lakini ukimsikiliza utaona alizipitia zote. Kuchelewa kufika kulisababishwa na hali ya nchi, na kuhudumiwa kulikuwa mikononi mwa hospitali. Kuamua kulikuwa mikononi mwa watu wa barazani. Ndiko pekee ambako familia inaweza kukumaliza leo hii, bila kungoja serikali wala pesa.

MAANDALIZI TUNAYOWAUSIA

Baada ya mazungumzo na mama, na kwa msaada wa bibi mkunga ambaye bado yupo na bado ni mkali, tumeyakusanya haya:

1. Mama mjamzito ahudhurie kliniki tangu mwanzo. WHO inapendekeza awaone wahudumu wa afya mara nane katika mimba moja. Akijisikia mzima bado ahudhurie, kwani shinikizo la damu halipigi hodi.

2. Nia iwe ni kujifungulia penye mhudumu mwenye ujuzi na dawa. Mwenye kukaa mbali asogee kwa ndugu wa karibu na kituo wiki zake zinapokaribia.

3. Yaandikwe ukutani majina ya madereva wawili au watatu na namba zao, na pesa ya usafiri itengwe katika bahasha isiyoguswa hata kwa ajili ya sikukuu.

4. Iamuliwe mapema nani ataamua kama mume hayupo. Na mama mwenyewe akisema "nipelekeni", neno lake liwe ndilo la mwisho. Hakuna kikao.

5. Zijulikane dalili za hatari: damu nyingi, kifafa, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, homa kali, uchungu uliopita saa kumi na mbili bila mtoto kutoka, mkono au kitovu kutangulia, na kondo la nyuma kupitisha nusu saa bila kutoka. Ikitokea moja, ondokeni.

6. Ikiwa mtoto atakuja ghafla nyumbani, mikono ioshwe kwa sabuni, wembe uwe mpya, na kitovu kisipakwe majivu, samli wala samadi, kwani huko ndiko inakoingia pepopunda. Mtoto akae kifuani mwa mama apate joto, anyonyeshwe mara moja, na kuogeshwa kungoje siku ya pili. Kisha wote wawili wapelekwe kituoni wakaangaliwe siku hiyo hiyo, hata wakionekana wazima.

7. Ndugu wawili au watatu wenye afya wawe tayari kutoa damu. Kumtolea mama mzazi damu ni sadaka ambayo hata masikini wetu anaiweza.

Akika ya siku ya saba, kumpa mtoto jina na kumnyoa, yote hayo ni Sunna tukufu, na tunayapenda. Lakini tumeona familia zinazotafuta mbuzi tangu mimba ina miezi sita, na gari wanalitafuta uchungu ukishaanza. Mbuzi anaweza kungoja.

NENO LA MWISHO

Tulipomsomea mama rasimu hii alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Umeandika kwamba niliogopa?" Tukamwambia tumeandika. Akasema: "Basi vizuri. Maana yule binti aliponiambia yeye si jasiri kama mimi, nilijua hadithi imeharibika. Ningekuwa jasiri wanavyodhani, ningenyamaza, nao wangenisifu kaburini."

Yule binti amekwenda kliniki, na mumewe amemfuata fundi wetu, ambaye sasa ana gari lake mwenyewe, kuchukua namba yake ya simu. Tunawaomba nyote mumuombee dua.

Ewe Mola wetu, wahifadhi akina mama walio na mimba, wafungue kwa wepesi na afya, uwarehemu waliotangulia katika njia hiyo, uwape subira mayatima wao. Utujaalie sisi wanaume tuwe wepesi wa miguu siku tutakapohitajika, na wepesi wa kusikiliza kabla ya siku hiyo. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.